Jarida Lililokaa Eda

Kazi yangu ni ukutubi, na watu wengi wakisikia hivyo hudhani nashinda nikipangusa vumbi. Vumbi napangusa kweli, lakini adui wa karatasi hapa Tanga si vumbi, ni chumvi. Kituo chetu cha utafiti kiko karibu na bahari na madirisha ya maktaba hayajawahi kufunga sawasawa tangu niajiriwe. Hewa inaingia na chumvi yake, pini zinashika kutu, kutu inakula kurasa, halafu mchwa wanakuja kumalizia. Nimewahi kutoa rafuni juzuu ya taarifa za mkonge, jalada zuri kabisa, kufungua nikakuta udongo mtupu.

Kwa hiyo mhariri wa jarida letu alipoleta hoja kwamba tuache kuchapa, tuhamie mtandaoni, sikuwa na la kumbishia. Alikuwa mtafiti mkongwe wa samaki, mzaliwa wa Tongoni, kofia haimtoki kichwani, mpole mpaka anakukera. Jarida alilianzisha yeye mwenyewe kwa ajili ya makala za watu wetu wa pwani hii: mikoko, pweza, mwani, maji ya visima. Nilikuwa sijamaliza hata kumwamkia siku hiyo, shikamoo bado iko mdomoni, akaniambia, "Mwanangu, mtandaoni hakuna mchwa." Nilicheka. Tena nilifurahi, maana kubeba maboksi ya jarida kwenda posta nayo ilikuwa kazi yangu.

Nieleze kidogo jinsi jarida la mtandaoni linavyosimama, kwa sababu mimi mwenyewe sikuelewa mpaka lilipoanguka. Makala hukaa kwenye kompyuta ya kukodi huko ng'ambo. Msomaji hufika kwenye kompyuta hiyo kwa kuandika anwani, na anwani hainunuliwi ikawa yako. Unapanga, kama chumba, na kila mwaka unasema bado nipo. Pesa yenyewe kituo kilikuwa kikitoa bila maneno. Ila mpangaji aliyeandikishwa alikuwa mzee mwenyewe, kwa namba yake ya simu, kwa sababu siku ya kujiandikisha mtu wetu wa kompyuta alikuwa likizo na mzee hakupenda kazi ilale. Kila mwaka ujumbe wenye namba ya siri uliingia kwenye simu yake, akaiandika panapotakiwa, mwaka ukaendelea. Hakuna aliyemuuliza akisafiri je, akiugua je. Neno la tatu ndilo kabisa halisemwi mbele ya mtu mzima.

Juu ya hayo, kila makala ilipewa namba ya kudumu. Hiyo ni namba ambayo mwandishi akiiweka kwenye wasifu wake, mtu yeyote duniani akiibonyeza anafikishwa kwenye makala. Mzee aliipenda sana namba hiyo. Alikuwa akitamka "ya kudumu" kwa kuvuta, unasikia raha yake.

Tuligombana naye kwa jambo moja tu, nalo nililisema mbele yake, sisemi leo kwa kuwa hayupo. Makala ikishatoka, halafu mwandishi akagundua kosa, mzee aliiondoa kimyakimya na kuweka iliyosahihishwa mahali pale pale. Hakuandika popote kwamba pamerekebishwa. Nikamwambia, mzee, hii si sawa, aliyepakua jana na atakayepakua kesho watakuwa na makala mbili tofauti zenye jina moja. Akanijibu kwamba mtu akijikwaa huwaiti majirani waje kutazama, unamshika mkono anainuka. Kwake ilikuwa sitara. Ndivyo alivyolelewa, nami ndivyo nilivyolelewa, basi nikanyamaza na kinyongo changu.

Katika waandishi alikuwemo kijana mmoja wa Lushoto, Msambaa, Mlutheri wa kwaya, mtafiti wa mwani. Nilikuwa namtania kwamba watu wa milimani bahari wanaijua kwa kuichungulia kutoka juu. Anacheka, lakini mwani aliujua. Alikaa Ushongo misimu miwili na akina mama wakulima, akipima joto la maji na kuandika ni lini mwani unageuka mweupe na kukatika kwenye kamba. Makala ya kazi hiyo ilitoka kwetu. Baadaye aligundua kwamba katika jedwali moja mistari miwili imebadilishana nafasi, akamwambia mzee kwa aibu, na mzee akafanya kawaida yake.

Kijana yule alikuwa na mkataba wa muda, wa kuongezwaongezwa. Ana mke, ana mtoto mchanga, amepanga chumba na sebule Chumbageni. Ikatangazwa nafasi moja ya ajira ya kudumu katika taasisi ya mambo ya bahari, na sharti likawa wazi: mwombaji awe na makala iliyochapishwa, na kamati iweze kuifungua yenyewe mtandaoni. Makala aliyokuwa nayo ni hiyo moja. Alituma maombi, akaweka namba ya kudumu, akaitwa kwenye usaili. Aliitangazia maktaba nzima. Nilimwambia ashushe sauti, lakini moyoni nilikuwa nimempa kazi tayari.

Ndipo mzee akafariki. Presha, ghafla, asubuhi. Tulimzika Tongoni kabla ya magharibi, na mkewe akaingia eda.

Kwa asiyejua, mke aliyefiwa kwa desturi zetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki bila dharura, wanaume wasio wa nyumbani hawaendi kuketi naye. Wanawake tunakwenda. Mimi nilikwenda kila Ijumaa nikitoka kazini, nimebeba mkate wa kumimina au matunda. Alikuwa ananipenda, hakuwa na mtoto wa kike. Anakaa kwenye mkeka chumba cha ndani, nguo nyeupe, tasbihi mkononi, na pembeni yake juu ya kigoda iko simu ya marehemu. Hawakuizima kwa kuwa ndugu wa Mombasa na Unguja walikuwa bado wanapiga kutoa rambirambi.

Zamu ya kupanga upya anwani ya jarida iliangukia katika eda hiyo. Niligundua mimi, pale mtu wetu wa kompyuta alihangaika kuingia akashindwa. Akibonyeza pale pa kusema nimesahau, namba ya siri inakwenda kwenye simu ya mzee, juu ya kigoda, Tongoni. Mkuu wa kituo akaiandikia kampuni ile ya ng'ambo. Wakajibu kwa adabu kwamba wanatusikitikia na wanaomba mwenye akaunti aingie mwenyewe. Tukawapelekea cheti cha kifo. Wakataka barua ya msimamizi wa mirathi. Mirathi yenyewe ilikuwa bado haijazungumzwa, na nani wa kuianzisha mjane yuko ndani? Mkuu akasema basi tuvute subira mpaka eda iishe. Hakuna aliyepinga, nami sikupinga.

Kijana alinifuata maktaba. Kwa umri mimi ni wa kumzaa, lakini aliniita dada, ndiyo heshima ya vijana wa kileo kwa mwanamke asiyependa kuzeeka.

"Dada, ni simu tu. Wewe unaingia mle ndani. Aifungue ile namba, akusomee, basi."

Nikamwambia si simu tu, ni simu ya marehemu, na mwenyewe hajatoka ndani.

"Dini inakataza kumuuliza?"

Nikasema haikatazi.

"Sasa?"

Ungemweleza nini? Kwetu kuna mambo hayakatazwi na mtu, na bado hayafanywi. Unamwendea mwanamke aliyefiwa ukae naye, umtie moyo, umchekeshe kidogo akiweza kucheka. Humwendei kudai vitu vya mumewe, hata kiwe kibiriti. Watu wangesema wale wa kituoni udongo haujakauka wameshaanza kuchakura mifuko ya maiti. Nilimweleza hivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akainua begi lake.

"Ukimuuliza akakataa, tumekosa. Usipomuuliza tumekosa vilevile," akasema. Kisha akaomba radhi kwa kusema hivyo, akaondoka.

Nilikasirika. Nilijisemea, hawa watu wa baridi hawajui kukaa na mtu. Lakini Ijumaa iliyofuata nilikwenda Tongoni nikiwa nimejiandaa, nitapenyeza neno katikati ya mazungumzo. Nimekaa, tumekunywa kahawa, simu ikalia ule mlio mfupi wa ujumbe. Mama mwenye eda akaitazama. Mimi nikaitazama. Wifi yake mmoja akaanza kusimulia bei ya mchele, sote tukamshukuru kwa kuusemea mchele. Nikarudi mjini na neno langu tumboni. Na Ijumaa nyingine vilevile, na nyingine.

Asubuhi moja nikafungua anwani ya jarida kama nilivyozoea kabla ya chai. Ukurasa ukaja wa kijani, wachezaji wa mpira wamekunja mikono, maandishi makubwa: jisajili leo upate bonasi. Nilidhani nimekosea herufi. Nikaandika tena polepole. Wachezaji walewale. Anwani yetu ilikuwa imekaa bila mpangaji, watu wa kubeti wakaipanga. Na ile kompyuta ya ng'ambo, kwa kuwa iliandikishwa na mtu yule yule kwa simu ile ile, nayo ikafuta vilivyokuwamo. Nilibonyeza namba ya kudumu ya makala ya mwani. Ilifanya kazi barabara, bila hata kusitasita. Ikanifikisha kwa wachezaji.

Ziko maktaba kubwa huko nje zinazopita mtandaoni zikipiga picha kurasa ili zisipotee. Nilizitafuta. Walikuwa wamepiga ukurasa wetu wa mbele peke yake, wenye salamu za mhariri akiwakaribisha wasomaji, na chini orodha ya makala ambazo ukizigusa hazifunguki. Nilikaa nikiisoma ile salamu. Niliumia, sioni sababu ya kuficha. Yeye tuliyemzika, na jarida nililodhani lingebaki, wote sasa ni salamu tu.

Usaili ukafika. Kijana alijua anwani imekufa, akawaandikia kamati mapema kuwaeleza, na mimi nikampa nakala ya makala kutoka kwenye flashi yangu, moja ya chache nilizokuwa nimejiwekea, pamoja na barua ya maktaba kwamba ilichapishwa kwetu. Aliyonisimulia baadaye ni haya. Katibu wa kamati, ama hakusoma maelezo au alifuata utaratibu, alibonyeza namba ya kudumu mbele ya wote, ukutani, kwa projekta. Wachezaji wakatokea na bonasi yao. Mzee mmoja wa kamati akacheka, wengine wakakohoa. Kijana akatoa nakala yake. Mjumbe mwingine akasema makala hiyo anayo, aliipakua mwaka ilipotoka, akafungua kompyuta yake. Wakalinganisha. Jedwali halikufanana.

Wakamuuliza ipi ni ya kweli. Akasema hii yangu, ile ilikuwa na kosa, mhariri aliirekebisha. Wakauliza tangazo la marekebisho liko wapi. Hakuna. Mhariri yuko wapi? Amefariki. Jarida liko wapi? Wakageuka wote kutazama ukuta. Hawakumwita mwongo, alisema, walikuwa waungwana mno. Walimshukuru kwa kuja. Nafasi akapewa mwingine, na mkataba wake wa kituoni ulipokwisha haukuongezwa, kwa sababu habari ya majedwali mawili ilikuwa imeshatembea kwa miguu yake mbali kuliko makala ilivyowahi kutembea.

Binamu yake ana ofisi ya uwakala wa forodha Horohoro. Akamchukua. Siku hizi anajaza nyaraka za malori yanayovuka kwenda Mombasa, na nasikia hajakosea hata moja. Alipokuja kuaga maktaba hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, maana majibu nilikuwa nimeyapanga yote. Nilikuwa tayari kumwambia kwamba heshima si utumwa, kwamba ningerudishwa nyuma ningefanya hivyo hivyo, kwamba jarida ni karatasi za kwenye umeme lakini mtu ni mtu. Hakunipa nafasi. Alinipa mkono, akamsalimia kila mtu, akaenda kupanda gari.

Eda ikaisha. Wanawake tulijaa Tongoni kumtoa mama ndani. Akaogeshwa, akavishwa doti mpya ya kanga, akapakwa wanja kidogo akikataa huku anakubali, tukala pilau. Wageni walipopungua aliniita chumbani. Simu ilikuwa pale pale juu ya kigoda.

"Mwanangu, wewe umesoma," akasema. "Huyu anayeandika Kizungu kila mara alikuwa anataka nini kwa mume wangu?"

Nikaipokea. Ujumbe ulikuwa umepangana. Kumbusho la kwanza, la pili, onyo, onyo la mwisho, na katikati zile namba za siri ambazo mtu wetu wa kompyuta alikuwa akiziomba kutoka mjini, kila moja imekaa ikachakaa. Mojawapo ilikuwa ya Ijumaa. Ulikuwa mlio ule wa siku ya bei ya mchele.

Nikamweleza. Nilieleza kwa ufupi, nikijaribu kuondoa uchungu, lakini si mtoto yule. Akavuta tasbihi.

"Na wewe ulikuwa umekaa hapo," akasema.

"Nilikuwa nimekaa hapa, mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikustahi."

"Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ningekupa siku ile ile." Akaugusa mkono wangu, hakuwa na hasira hata chembe. "Nilikuwa naiweka karibu kwa ajili hiyo. Nilisema watu wa kazini kwake hawatakosa kuitaka."

Majibu yangu yote niliyokuwa nimeyapanga yaliishia pale. Nilirudi mjini nikiwa na hasira na kila mtu: na mkuu wa kituo, na kampuni ya ng'ambo, na wifi wa mchele, na marehemu mwenyewe na upole wake. Siku iliyofuata nikampigia kijana Horohoro. Nyuma yake malori yalikuwa yanapiga honi. Nikamwambia yote kama yalivyo, simu ilikuwa wapi, mama alisema nini. Nikangoja aseme ile sentensi yake ya kukosa na kukosa.

Akauliza, "Mama hajambo lakini? Ametoka salama?"

Nikasema hajambo. Akasema atakwenda kumsalimia, sasa kwa kuwa wanaume wanaruhusiwa. Nilidhani ni maneno ya simu.

Tangu siku hizo kila makala inayonifikia naichapa kwenye karatasi, naigonga muhuri na tarehe, iliyosahihishwa inakaa nyuma ya iliyokosewa, zote mbili, na maelezo. Nakala nyingine nimeomba zihifadhiwe na maktaba mbili za mbali, wenzangu wananiona nimeingiwa na wazimu. Jarida lenyewe halijafufuka. Mkuu anasema liko kwenye mipango.

Jumamosi moja nilikuwa nakuna nazi, simu ikaita, na kwenye kioo likatokea jina la mzee. Nusura niangukie mbuzi ya nazi. Alikuwa mama, anatumia laini ya mumewe, nami sikuwahi kubadilisha jina. Akaniambia yule kijana wa Lushoto alikuja, ametoka Horohoro alfajiri, amemletea viazi na pea. Alikaa barazani tangu adhuhuri. Aliuliza marehemu alikuwa akisomea makala mahali gani humu nyumbani, mama akamwonyesha, meza ya chakula, upande wa dirisha. Akauliza alikuwa anazungumza nini akimaliza moja. Kijana naye akamweleza habari za mwani, jinsi unavyoungua maji yakichemka, na mzee alivyomrekebishia jedwali lake bila kumwaibisha. Amemwachia nakala. Mama kusoma Kizungu hajui, lakini jina la mumewe amelitambua ukurasa wa kwanza.

Nikasema huyo kijana ni mwema.

"Mlikuja wote kunipa pole, Mungu awalipe," mama akasema. "Ila huyu ndiye wa kwanza kuniuliza."

Nazi ilikuwa bado nusu mkononi. Nikamwambia inshallah Ijumaa nitakuja.